UKURASA WA MIKONO: Vazi la shujaa kwa siku mbili, bila kuuza kitu

Wazazi wapenzi, na ninyi vijana munaosoma nyuma ya mabega yao, mwezi huu tunashona. Kamateni sindano, makasi na kalamu, kisha mukae karibu.

Katika nyumba nyingi za kambi na za cité mambo huanza hivi. Ni siku ya ine jioni, bukari iko juu ya mbabula, na mutoto aliyenyamaza tangu alipotoka masomo anakuja kusimama karibu na mulango.

– Mama, mwalimu alisema siku ya posho kila mutu akuye amevaa sawa shujaa wa filmu. Njo fete ya kufunga mwaka.

– Posho gani?

– Hii yenye kuya.

– Na alisema lini?

– Posho yenye ilipita, mama.

Hapo mama wengi wanakasirika. Lakini ngojeni kidogo. Mara nyingi mutoto hakusahau. Usiku alisikia baba na mama wakihesabu franga: hii ya unga, hii ya minerval, hii ya makala, na mushahara wa baba haujatoka. Alifikiri: nikiomba nguo ya fete, nitaongeza muzigo. Akanyamaza siku tano. Siku ya sita haya ya kukosa mbele ya wenzake ikashinda haya ya kuomba. Mutoto wa namna hii hastahili fimbo. Anastahili jibu, na jibu lenyewe linaweza kuwa: «Sawa. Franga hakuna, lakini mikono iko. Muite yaya wako, tuanze.»

Musikope kwa ajili ya vazi la siku moja. Musiguse franga ya unga wala ya minerval. Vazi tunalolieleza hapa linatoka katika vitu vilivyo nyumbani, na karibu vyote vitarudi mahali pao kesho yake.

Mashujaa wenyewe walivaa nini?

Kabla ya kukata kitu, tujue tunaiga nini. Superman alitokea mara ya kwanza katika gazeti la picha huko Marekani, toleo la mwezi wa 6, 1938. Waliomubuni walikuwa vijana wawili wa muji wa Cleveland: Jerry Siegel aliandika, Joe Shuster alichora. Kaputula ile juu ya suruali ya kubana, ambayo watoto wetu wanaicheka, Shuster hakuitoa hewani. Aliiga watu wenye nguvu wa sarakasi, wale walioinua vyuma vizito mbele ya watu. Nao mushuka wa mabegani ulisaidia kuonyesha mwendo, kwa sababu picha katika gazeti haiendi. Mushuka ukipepea, musomaji anaona kwamba mutu anaruka.

Tena muangalie rangi: nyekundu, buluu, manjano. Magazeti yale yalipigwa chapa kwa bei ya chini, kwa wino wa rangi chache, kwa hiyo rangi zenye nguvu ndizo zilizotoka vizuri. Hulk, yule jitu kubwa, katika toleo lake la kwanza la 1962 alikuwa wa rangi ya majivu. Mashini ya chapa ilishindwa kutoa majivu ya namna moja: ukurasa huu yeye mweusi, ukurasa ule mweupe. Katika toleo la pili wakamugeuza kuwa wa kijani, na ndivyo alivyo mpaka leo.

Na Spider-Man, aliyetokea mwaka ule ule wa 1962, yeye anatuhusu zaidi. Katika hadisi yake ni kijana wa masomo, yatima, analelewa na shangazi yake katika nyumba isiyo na mali. Vazi lake alilishona mwenyewe. Mukumbushe mutoto wako neno hilo akianza kusema kwamba nguo ya kushonwa nyumbani si ya kweli.

Somo tunalolipata ni hili: mashujaa hawa walichorwa kusudi wajulikane toka mbali, kwa vitu vichache na rangi chache. Hiyo ndiyo bahati yetu.

Alama tatu, basi

Kazi nyingi za haraka zinaharibika kwa sababu mutu anataka kufanya kila kitu: kofia, glovu, viatu, mushipi, silaha. Saa inakwisha, hakuna hata kimoja kilichotimia. Chagueni alama tatu tu: mushuka wa mabegani, kifuniko cha macho, na alama ya kifuani. Mutu anayesimama mwisho wa kiwanja cha masomo ataona hizo tatu. Mengine hatayaona.

Chini ya hizo, mutoto avae nguo zake. Suruali ya buluu ya masomo inafaa sana, pamoja na singileti au triko ya rangi moja. Kama kuko kaputula nyekundu, aivae juu ya suruali, na kazi ya Shuster imekamilika. Lakini muangalie: juu ya nguo ya masomo hakuna kupaka gundi wala rangi. Siku ya kwanza ataihitaji.

Sasa mupange saa zenu. Siku ya ine usiku: kuchagua shujaa, kupima mutoto, kukata kifuniko cha macho na kukibandika, kusudi kikauke usiku kucha. Siku ya tano jioni: kutengeneza alama ya kifuani na kupiga nyuzi za mushuka. Siku ya posho asubuhi: kuvaa, kujaribu kukimbia, kupaka uso. Kwa jumla ni saa nne au tano za kazi, kama watu wawili wanasaidiana. Mutoto mwenyewe awe mumoja wao.

Mushuka, bila kukata kikwembe cha mama

Kikwembe kimoja kina urefu wa karibu metre 1,80 na upana wa metre 1,15 au 1,20. Hatukikati hata kidogo.

Pimeni mutoto kwa kamba, toka begani mpaka nyuma ya goti. Mutoto wa miaka minane atakuwa na sentimetre 70 hivi, au 80. Musishuke mpaka kisigino, kwani atakanyaga na kuanguka. Kisha kunjeni kikwembe mara mbili, kusudi kile kirefu cha 1,80 kiwe 90. Hiyo 90 ndiyo upana wa mushuka. Urefu unaobaki ni 1,15, nao unapita kipimo chenu. Basi sehemu inayozidi, karibu sentimetre 35 mpaka 45, ikunjeni juu, upande wa nje, ianguke kama kola kubwa. Hapo mushuka unaonekana kama umeshonwa na fundi.

Sasa pigeni nyuzi kubwa-kubwa, zile za kushikiza kwa muda, sentimetre tatu chini ya mukunjo. Muache ncha ya uzi ikiwa ndefu. Vuteni uzi polepole mpaka kitambaa kijikusanye na kulingana na mabega ya mutoto. Fungeni.

Neno la kushika sana: mushuka haufungwi shingoni. Watoto watakimbia, watavutana, mushuka utanasa katika musumari wa mulango au katika tawi la muembe, na kamba ya shingoni itakaba. Ushoneni juu ya mabega ya triko, upande huu nyuzi tatu, upande ule nyuzi tatu, kwa uzi mwembamba. Mutu akivuta kwa nguvu, uzi unakatika na mutoto anabaki muzima. Afazali mushuka uanguke kuliko mutoto.

Kifuniko cha macho

Kamateni kartoni nyembamba, kwa mufano ya biskuti au ya sabuni. Kartoni nene ya makopo itakunjika vibaya na kuumiza pua.

Kwanza fanyeni mufano kwa karatasi. Kunjeni karatasi katikati, na juu ya nusu moja muchore nusu ya kifuniko: jicho moja na nusu ya pua. Kateni ikiwa imekunjwa. Mukiifungua, pande mbili zitalingana sawasawa. Mutu anayechora pande zote mbili kwa macho tu, jicho moja litapanda na lingine litashuka. Tieni karatasi hiyo juu ya uso wa mutoto, mutie alama mahali macho yake yalipo, kisha mupeleke kipimo juu ya kartoni. Matundu ya macho yawe makubwa kuliko munavyofikiri. Mutoto lazima aone chini na pembeni, kwa sababu atapanda ngazi na kuvuka barabara.

Kama munataka kiwe kigumu, pikeni gundi ya muhogo. Unga wa muhogo glasi moja, maji glasi tano. Changanyeni kwanza katika maji baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo mutie juu ya moto, mukikoroga bila kuacha. Ikianza kuwa nzito na kung'aa, tosheni, muache ipoe. Pasueni karatasi za gazeti la zamani vipande vidogo, bandikeni juu ya kartoni, tabaka mbili tu. Mulaze kifuniko juu ya chupa kusudi kipate umbo la uso. Wakati wa kiangazi, toka mwezi wa 5 mpaka wa 9, kitakauka mpaka asubuhi. Wakati wa mvua hakitakauka. Basi acheni gundi, mutumie kartoni peke yake, mupake rangi.

Toboeni tundu moja kila upande, karibu na sikio, mutie elastiki ya nguo ya zamani. Kama hakuna elastiki, kata utepe mwembamba katika sosete ya zamani. Unavutika vizuri na hauumizi.

Alama ya kifuani

Bidoni la manjano la mafuta ya kupikia, lile lililopasuka na linalongoja kutupwa, ndilo mali yetu. Liosheni kwa maji ya moto na sabuni mpaka mafuta yaishe. Mutu mukubwa akate kwa kisu kikali kipande cha ukubwa wa mukono uliofunguliwa. Choreni juu yake herufi ya kwanza ya jina la mutoto, au alama ya shujaa wake. Kingo za plastiki zinakata kama wembe, kwa hiyo zizungusheni kwa utepe wa kubandika au muzishonee kitambaa. Toboeni matundu manne kwa musumari uliotiwa motoni, mushone juu ya triko kwa nyuzi kubwa. Siku ya yenga mutazikata, triko itabaki triko.

Miguu je? Sosete ndefu juu ya suruali zinatosha kuonyesha viatu virefu. Lakini musivalishe sosete juu ya viatu: sakafu ya masomo inateleza.

Vitu ambavyo musiguse

Sisi tunaishi karibu na mugodi, na kuzunguka nyumba zetu kuko vitu ambavyo watu wa miji mingine hawana. Kwa hiyo sikieni vizuri.

Gunia lililobeba mawe ya shaba na kobalti si kitambaa cha mutoto, hata likipigwa vumbi, hata likifuliwa. Vumbi linabaki ndani ya nyuzi zake. Vumbi la kobalti linadhuru mapafu, na juu ya ngozi linaweza kuleta upele na kuwasha. Kama munahitaji gunia, kamateni la unga au la muchele.

Bidoni lililobeba asidi, mafuta ya mashini au dawa ya kuua wadudu halifai, hata likioshwa mara kumi.

Watoto wanapenda kuvunja pili za radio kusudi wapate ule unga mweusi wa kujipaka. Muwakataze. Una vitu vya sumu ndani yake. Rangi ya gari na ya mulango pia si ya ngozi. Kwa rangi nyeusi ya uso, sageni makala mpaka yawe laini kabisa, mupepete kwa kitambaa, muchanganye na mafuta ya kupaka. Kwa nyeupe, kuko ule udongo mweupe ambao mama wajawazito wanapenda. Jaribuni kwanza kidogo juu ya mukono, mungoje nusu saa. Karibu na macho musipake.

Moto

Hapa ndipo pahali ambapo furaha inaweza kugeuka kilio. Vazi la shujaa ni pana, linapepea, na nyumba zetu zina mbabula chini, na mishumaa wakati umeme unakatika. Pamba inashika moto haraka. Nailoni na poliesta zinayeyuka na kushikamana na ngozi. Kwa hiyo katika nyumba yenu iwe sheria: mushuka unavaliwa nje na masomoni, unavuliwa kabla ya kuingia mahali pa kupikia.

Mufundishe mutoto mambo matatu: nguo ikishika moto, usikimbie, anguka chini, jibingirishe. Na ninyi wakubwa: muzimishe kwa blanketi au maji, kisha mahali palipoungua mumwage maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Musitie dawa ya meno, wala mafuta, wala majivu. Nguo iliyoshikamana na ngozi musiivute. Mupeleke mutoto hospitali.

Tena musisahau kumwambia mudogo kabisa, yule wa miaka mine au mitano, kwamba mushuka hauwezi kumurusha. Mukubwa anajua kwamba ni muchezo. Mudogo anaweza kupanda ukuta na kuamini.

Na kama anataka shujaa wake mwenyewe?

Watoto wengi sasa wanaomba kuwa Black Panther. Filmu yake ilitoka mwaka wa 2018. Wakanda ni nchi ya kubuniwa ya Afrika, yenye utajiri wa madini moja inayoitwa vibranium, na vazi la mufalme wake limefumwa kwa madini hiyo. Mutoto wa Kolwezi au wa Likasi anaelewa hadisi hiyo kuliko wengi: nchi ambayo madini yake inawavika watu wake. Mama aliyepanga mavazi ya filmu ile, Ruth E. Carter, alipata tuzo ya Oscar mwaka wa 2019, naye alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata kwa kazi hiyo. Taji la mama wa mufalme alilitoa katika kofia za wanawake wa Kizulu walioolewa. Alitazama ndani ya nyumba za Waafrika, akaona pale kitu kinachofaa kwa malkia.

Hapa Kongo pia kuko mufano. Huko Kinshasa, tangu mwaka wa 2015, kuko festivali inayoitwa KinAct, iliyoanzishwa na musanii Eddy Ekete. Wasanii wanapita katika barabara wamevaa mavazi ya ajabu waliyotengeneza kwa takataka: makopo, nyaya za umeme, sandale za zamani, vifuniko vya chupa. Watu wanasimama kuwatazama. Mavazi yale yanasema juu ya uchafu wa muji kuliko hotuba ndefu.

Basi mutoto wako anaweza kuwa shujaa ambaye hayuko katika filmu yoyote. Binti anaweza kuwa Malkia wa Shaba, na vifuniko vya chupa vilivyopigwa bapa na kushonwa juu ya mushipi vikilia akitembea. Kijana anaweza kukamata kofia ya zamani ya kazi ya baba na kuwa Mulinzi wa Mugodi, yule anayesikia mwamba kabla haujaanguka na kuwatoa watu. Mwalimu akiuliza, «Huyu ni nani?», mutoto ataeleza mwenyewe. Wenzake watano wakija na vazi moja la dukani, yeye atakuwa peke yake. Lakini mumuulize kwanza. Kama moyo wake uko kwa Spider-Man, mumuache awe Spider-Man. Fete ni yake.

Siku ya yenga

Fete ikiisha kazi haijaisha. Mutoto akae na mama au na yaya, wakate nyuzi moja moja, wakunjue kikwembe, wakifue, wakianike, kirudi katika sanduku. Triko inarudi, elastiki inatunzwa. Kifuniko cha macho na alama ya kifuani ni vyake. Mumupe musumari ukutani, karibu na kitanda, avitundike.

Na siku moja, bila hasira, mumwambie hivi: «Mwana, ukisikia tunahesabu franga usiku, usiogope kutuambia haja yako. Tuambie mapema. Siku tano zingetupa nafasi kubwa kuliko siku mbili.» Neno hilo halilipishwi kitu. Litafaa tena siku ambayo haja yake itakuwa dawa, au karatasi ya mutihani, na si nguo ya kuchezea.

Mwezi ujao tutaona namna ya kurudishia mukono mupya begi la masomo lililokatika. Tunzeni sosete za zamani, tutazihitaji tena. Mubaki na amani.